Metali nzito kwenye maziwa haziuawi kwa moto

Kila inaposikika kwamba maziwa ya mahali fulani yamekutwa na metali nzito, ushauri unaosambaa ni ule ule: yachemsheni sana, yachujeni, au yaacheni yatulie ili uzito ushuke chini. Nia ni njema, lakini kwa tatizo hili hakuna kinachosaidia hata kimoja.

Metali nzito ni metali zenye msongamano mkubwa. Kwenye habari za chakula jina hili hutumika kwa zile zenye sumu hata zikiwa kidogo: risasi, kadimiamu na zebaki, pamoja na aseniki, ambayo kikemia ni nusu metali. Zinki nayo ni nzito, na lita moja ya maziwa ina takriban miligramu 4 za zinki ambazo mwili wa mtoto unazihitaji. Hapa nazungumzia zaidi risasi, kwa kuwa ndiyo inayowapata ng'ombe mara nyingi.

Kinachochanganywa ni vijidudu na elementi. Bakteria ni kiumbe hai, ukimpa joto la kutosha anakufa. Aflatoksini, sumu ya ukungu wa nafaka, haitishwi na moto wa jikoni, lakini hata hiyo ni molekuli, ina viungo vinavyoweza kuvunjwa. Risasi ni elementi, haina cha kuvunjwa. Chemsha lita moja mpaka ibaki mililita 900: yaliyopotea ni maji, risasi imebaki yote, na kila kikombe sasa kina risasi zaidi kwa asilimia 11 hivi. Kuchuja na kutuliza navyo havifai, kwa sababu si vumbi linaloelea. Sehemu kubwa imeshikamana na kaseini, protini kuu ya maziwa. Ndiyo maana kuengua krimu hakuiondoi, na jibini, ambalo ni kaseini iliyokusanywa, hubeba risasi nyingi kwa kilo kuliko maziwa lilikotoka. Maziwa yaendelee kuchemshwa kwa sababu ya bakteria wa brusela na wa kifua kikuu. Hiyo ndiyo kazi ya moto. Na mtindi usilazwe kwenye sufuria iliyosubiwa kwa vyuma chakavu, kwani asidi yake huweza kuchomoa risasi kutoka kwenye sufuria yenyewe.

Ng'ombe anaipata wapi? Chanzo kinachojulikana zaidi kwa madaktari wa mifugo ni betri ya gari iliyotupwa malishoni. Ng'ombe hupenda kulamba, na chumvi za risasi zina utamu. Vipande vya bamba za betri hukaa katika tumbo la pili, lile lile linalonasa misumari, vikiyeyuka polepole kwa wiki na miezi. Rangi ya zamani inayobanduka kwenye boma, majivu ya takataka zilizochomwa na udongo wa karibu na viwanda vinavyoyeyusha betri kuukuu hufanya vivyo hivyo. Kiangazi nyasi zikiwa fupi, ng'ombe hula na udongo pia. Kenya iliacha petroli yenye risasi mwaka 2006, lakini iliyotua kwenye udongo wa kando ya barabara kuu haikuondoka na petroli hiyo. Kadimiamu huja zaidi na mbolea za fosfati, lakini hubaki kwenye figo na maini na hupita kidogo sana kwenda kwenye maziwa.

Kosa la pili ni kuyategemea maziwa yaonyeshe kama ng'ombe amekula risasi. Maziwa si kioo kizuri cha hali ya ng'ombe. Risasi nyingi huenda kwenye mifupa, figo na maini, na maziwa yanaweza kuonekana hayana neno mpaka risasi ya kwenye damu ipande sana, kisha yakapanda kwa kasi. Ng'ombe mmoja akipofuka ghafla, akisaga meno au akibandika kichwa ukutani, wapimwe damu wote waliolisha naye, maana wenzake wanaweza kuwa na risasi nyingi bila dalili yoyote. Maziwa yao yasiuzwe wala kunywewa nyumbani, na wasichinjwe kwa haraka ili kuokoa hasara, kwani maini na figo ndizo zilizojaa.

Laktomita na kipimo cha alkoholi, vipimo vya kawaida vya wanunuzi wa maziwa, havioni risasi. Maabara nayo inaweza kupotosha bila kukusudia. Kikomo cha Codex, viwango vya chakula vya kimataifa, kwa risasi kwenye maziwa ni 0.02 mg kwa kilo, lakini mashine ya kawaida ya kupima metali kwa mwali wa moto hupata shida kupima kwa uhakika chini ya takriban 0.1 mg. Ikiandika "haikuonekana", haijasema kwamba haimo. Omba kipimo cha tanuru ya grafiti au cha ICP-MS, mashine zinazoona kiasi kidogo zaidi, uliza kikomo cha kugundua, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho mashine inaweza kukiona, na sampuli iwekwe kwenye chupa ya plastiki iliyolowekwa katika asidi ya nitriki ya asilimia 10 na kusuuzwa kwa maji yaliyosafishwa kimaabara.

Halafu kuna neno "salama". Mtoto anayekunywa nusu lita ya maziwa yaliyo sawasawa na kikomo anapata mikrogramu 10 hivi za risasi kwa siku, na mwili wa mtoto mdogo unaweza kufyonza karibu nusu yake, ilhali wa mtu mzima hufyonza kama sehemu moja ya kumi. Risasi huathiri ubongo unaokua, na hakijapatikana kiwango cha risasi kwenye damu kisicho na madhara. Mwaka 2010 wataalamu wa FAO na WHO waliondoa kiwango cha kila wiki kilichokuwa kikivumiliwa, wakiona hakilindi tena afya. Kwa hiyo tuseme "yako chini ya kikomo", tusiseme "hayana risasi". Mtoto naye asiachishwe maziwa kwa hofu: akipungukiwa kalisiamu na madini ya chuma, utumbo wake hufyonza risasi zaidi, hata ile ya kwenye vumbi la sakafuni. Abadilishiwe ng'ombe, aendelee kupewa maziwa.