Usimalizie mshahara wote kwenye deni

Wiki hii nimeisikia tena, mara tatu, kwa watu watatu wasiojuana: "Dawa ya deni ni kulipa, kwa hiyo mwezi huu napeleka kila senti kwenye deni. Akiba nitaanza nikishamaliza." Kazi yangu ni kukaa na watu na madaftari yao ya matumizi, na maneno hayo nayajua mwisho wake kabla msemaji hajafika nusu. Na methali yenyewe sina ugomvi. Deni halifutiki kwa kukwepwa. Lakini dawa yoyote ina kipimo, na anayemeza chupa nzima siku ya kwanza hukimbizwa hospitali.

Dada mmoja alinijia na daftari lake, limetunzwa vizuri kuliko mengi ninayoyaona. Tarehe 1, mshahara umeingia. Tarehe 2, rejesho la mkopo, na chini yake kiasi alichoongeza kwa hiari, kimepigiwa mstari mara mbili kwa wino mwekundu. Alikuwa na fahari na mstari ule, na alistahili. Tarehe 9, "mtoto, dawa". Tarehe 13, "nauli". Tarehe 16, kwa mwandiko mdogo uliobanwa pembeni mwa ukurasa, neno moja: "simu", na kiasi cha fedha.

"Dada, hapa ulinunua simu?"

Akatazama chini. "Hapana. Nilikopa kwenye simu."

Tukarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Lile neno "simu" lilikuwepo kila mwezi kwa miezi saba, kila mara baada ya tarehe 12, kila mara kwa mwandiko ule ule mdogo. Mkopo mkubwa ulikuwa unashuka vizuri kweli. Tulipojumlisha kila anachodaiwa, jumla ilikuwa imepungua kidogo mno kwa jasho alilolitoa. Alichokuwa anafanya, bila kujua, ni kuhamisha deni lake kutoka kwenye mkopo wa riba nafuu kwenda kwenye mikopo ya riba kali.

Tupige hesabu, maana jambo hili hubishaniwa zaidi kwa hisia. Tuseme mkopo wako mkubwa una riba ya asilimia 2 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, yaani riba huhesabiwa kwa kiasi kilichobaki tu, na una 100,000 ya ziada mkononi. Ukiibakiza badala ya kuipeleka kwenye deni, unajigharimu riba ya 2,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni 24,000, au kama 26,800 ikiwa riba inazaa riba. Hiyo ndiyo bei ya kuwa na akiba ukiwa na deni, na ni bei halali. Anayekwambia akiba hiyo ni ya bure hajapiga hesabu.

Sasa ipeleke yote. Mwezi wa tatu mtu anaugua, unakopa 100,000 kwa asilimia 10 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza huwezi kulipa, kwa sababu mshahara ulishagawiwa kabla hujaushika, basi unaongeza muda. Baada ya miezi mitatu unadaiwa 133,100. Dharura moja tu ndani ya mwaka imeshameza zaidi ya ile riba uliyotaka kuiokoa. Na sijawahi kufungua daftari la nyumba yenye watoto nikakuta dharura moja kwa mwaka.

Kuna hali mbili ambapo hesabu hii inageuka, na wanaohubiri akiba kwanza huzipita kimya. Ya kwanza ni mkopo unaoruhusu kuchota tena ulichokwisha kulipa, kwa riba ile ile. Hapo fedha ukiilaza kwenye mkopo inakupunguzia riba na bado unaweza kuifikia. Ila kumbuka kikomo ni cha mkopeshaji, naye anaweza kukipunguza wakati wowote, na mara nyingi hukipunguza kipato chako kinapoyumba, yaani siku unapokihitaji. Mimi husema gawa: sehemu ilale kwenye mkopo, sehemu ikae mahali ambapo mkopeshaji hana mkono.

Ya pili inaninyima usingizi. Kama deni lenyewe ndilo la asilimia 10 kwa mwezi, kubakiza 100,000 kunakugharimu 10,000 kila mwezi. Akiba ya namna hiyo ni ghali kupita kiasi. Huwa nashauri mtu abakize kidogo sana, matumizi ya wiki moja hivi, na kilichosalia kiende kwenye deni hilo mpaka life. Lakini nimewaona waliobakiza kidogo hivyo wakakopa tena ndani ya siku kumi, na nimewaona waliobakiza kikubwa wakaliwa na riba. Sina kipimo ninachoweza kuapa nacho. Namtazama mtu, namuuliza kipato chake kinaingiaje, ana wategemezi wangapi, kisha tunakubaliana namba ambayo huenda tukaibadilisha mwezi unaofuata.

Vitabu husema akiba iwe ya miezi mitatu hadi sita ya matumizi. Kwa mwenye madeni namba hiyo ni ukuta. Anaitazama, anakata tamaa, anarudi kwenye wino mwekundu. Kianzio changu ni kingine: angalia mikopo midogo mitatu ya mwisho uliyochukua, uchukue ule mkubwa kuliko yote. Kiasi hicho ndicho nyumba yako imeshakuonesha kwamba huwa inakihitaji ghafla. Kijaze kwanza, ukiendelea kulipa rejesho la kawaida bila kuchelewa hata siku moja.

Na sasa nifike kwenye kinachonikera kuliko vyote: neno "dharura". Nusu ya tunayoyaita hivyo yana tarehe. Ada ya shule haijawahi kumshtukiza mtu. Bima inaisha siku iliyochapwa kwenye cheti. Kodi ya nyumba ya miezi mitatu mitatu hurudi kila baada ya miezi mitatu. Haya ni matumizi ya kawaida kabisa, kosa lake pekee ni kwamba hayaji kila mwezi, na kwa sababu hayaji kila mwezi mtu hayaandiki kwenye bajeti ya mwezi. Anaandika chakula, nauli, umeme, rejesho, anaona kimebaki 70,000, anafurahi, anaituma kwenye deni. Hiyo 70,000 haikuwa imebaki. Ilikuwa ada ya miezi mitatu ijayo.

Fanya hivi. Andika kila kitu ulicholipia mwaka uliopita ambacho hakikuja kila mwezi. Tuseme ada 240,000, bima 90,000, matengenezo 150,000. Jumla 480,000, ukigawa kwa 12 unapata 40,000. Hiyo 40,000 ni bili ya kila mwezi, inakaa mstari mmoja na chakula na umeme, na inatoka kabla hujafikiria kuongeza chochote kwenye deni.

Hapa ndipo ushauri mwingi unaposimama, na hapa ndipo watu wanapovunjika. Mwaka wa kwanza kugawa kwa 12 hakufanyi kazi, kwa sababu ada haitakusubiri miezi 12. Ikiwa 240,000 inatakiwa baada ya miezi mitatu, mwezi huu unahitaji kutenga 80,000 kwa ajili ya ada peke yake. Kwa hiyo mwaka wa kwanza kila kitu kigawe kwa miezi iliyobaki kabla ya tarehe yake, na mwaka wa pili ndipo urudi kwenye 12. Matokeo yake ni kwamba miezi ya mwanzo huenda usiwe na hata senti ya kuongeza kwenye deni. Watu hunitazama kama nimewasaliti ninapowaambia hivi. Miezi mitatu bila nyongeza, rejesho la kawaida likiwa linalipwa, haijaua nyumba yoyote niliyoijua. Mkopo wa haraka wa kulipia ada nimeuona ukiua nyingi.

Yapo mengine nayapitia mbiombio. Kodi ya nyumba, umeme, maji, na mkopo uliowekewa dhamana ya kitu unachokihitaji ili uishi au ufanye kazi vinatangulia deni lingine lolote, hata kama mdai wa lile lingine anapiga simu mara kumi kwa siku. Sauti kubwa ya mdai haiongezi uzito wa deni lake. Ukiona utachelewa, mpigie mkopeshaji kabla ya tarehe. Na bajeti ya nyumba iliyopangwa na mmoja huku mwenzake hajui kuna deni itavunjwa na huyo mwenzake bila hatia yoyote. Huo ugomvi umalizeni mezani kabla ya kufungua daftari.

Kuna jambo moja siwezi kulipita, kwa sababu linahusu moja kwa moja wale wa "kila senti kwenye deni". Kabla ya kulipa zaidi ya rejesho, soma mkataba wako unasema nini juu ya kulipa mapema. Kuna riba ya salio linalopungua na kuna riba isiyopungua, na tofauti yake ni kubwa. Chukua mkopo wa 1,200,000 kwa mwaka mmoja, riba isiyopungua ya asilimia 10. Riba ni 120,000, unarejesha 110,000 kila mwezi. Inasikika nafuu. Lakini hukai na ile 1,200,000 mwaka mzima, kila mwezi unairudisha kidogo kidogo, wakati riba imehesabiwa kana kwamba unayo yote hadi siku ya mwisho. Ukiigeuza kuwa riba ya salio linalopungua, ni karibu asilimia 18 kwa mwaka.

Mbaya zaidi, mikopo mingine ya aina hii haikupunguzii riba hata ukimaliza mapema. Mingine hukupunguzia kwa kanuni ya 78: unajumlisha namba kuanzia 1 hadi 12, unapata 78, mwezi wa kwanza unabebeshwa riba sehemu 12 kati ya 78, wa pili 11, na kuendelea. Kufikia mwezi wa sita sehemu 57 zimeshakwenda, asilimia 73 ya riba yote. Ukimaliza deni hapo kwa shangwe, umeokoa riba kidogo tu. Uliza swali moja kwa mkopeshaji, na ulitake jibu kwa maandishi: nikilipa yote leo, natakiwa kutoa kiasi gani? Linganisha na jumla ya marejesho yaliyobaki. Tofauti ndiyo unayookoa. Ikiwa ni sifuri, nyongeza yako iende kwenye deni lingine.

Lipi? Kihesabu, lenye riba kali zaidi, na mjadala ungeishia hapo. Lakini mwaka 2012 watafiti David Gal na Blakeley McShane walichapisha utafiti uliotumia kumbukumbu za watu waliokuwa wakilipa madeni yao, wakakuta kwamba kufunga akaunti za madeni moja baada ya nyingine kuliendana na kufanikiwa kumaliza madeni yote. Wapenzi wa kuanza na deni dogo huutaja kila mahali. Mashaka yangu ni kwamba huenda aliyefunga akaunti nyingi alikuwa mtu wa namna nyingine tangu mwanzo. Hata hivyo, riba zikikaribiana, namwacha mtu aanze na dogo. Zikipishana sana, simwachi.

Yule dada tulibadilisha kitu kimoja kwanza. Rejesho la lazima libaki tarehe 2. Nyongeza ihamie tarehe 28, baada ya kuona mwezi umeacha nini. Kwa riba ya asilimia 2, kuchelewesha nyongeza ya 50,000 kwa siku hizo 26 kunagharimu chini ya 1,000. Miezi miwili ya mwanzo tarehe 28 ilikuwa tupu, maana kila kitu kilikwenda kwenye ada na kujaza akiba, na mwezi wa pili aliniambia waziwazi kwamba anahisi anarudi nyuma.

Mwezi wa nne alifungua daftari na kunisogezea bila kusema neno. Nilitafuta pembezoni, tarehe 12, 16, 20. Neno "simu" halikuwepo. Tarehe 28 kulikuwa na mstari mwekundu, safari hii mmoja tu, chini ya kiasi ambacho hakikufika nusu ya kile cha zamani.

"Kaka, si kidogo sana hiki?"

Nikamwomba kalamu, tukaanza kujumlisha kila anachodaiwa.