Feni ya kinu ikitetemeka, usikimbilie puli

Malalamiko yanayofika ofisini kwetu, sisi maafisa wa usalama kazini nchini Kenya, kuhusu mashine za kusaga mahindi hayabadiliki: kelele, na vumbi la unga. Mwenye kinu akiulizwa hujibu kwamba blowa, yaani feni inayovuta na kupuliza unga, imechoka. Mara nyingi haijachoka. Ni chafu, au inazunguka kinyume, au kuna fundi aliyeibadilishia puli, gurudumu linalozungushwa na mkanda.

Kuondoa uchafu hakuna gharama, kwa hiyo anzia hapo. Unga wenye unyevu hunata kwenye mapanga ya feni, kisha bonge moja likibanduka uzito huelemea upande. Mtetemo unaanza, boliti zinalegea, beringi zinalika. Kwangua mapanga yote, si lile linalofikiwa na mkono tu. Bado inatetemeka? Kagua kama panga limelika au shafti imepinda kabla ya kununua beringi. Na beringi inayochemka usiishindilie grisi. Nafasi ndani ya gamba lake ijae theluthi hadi nusu. Ikizidi hapo, grisi yenyewe huleta joto.

Kuhusu mzunguko, tumeeleza hadi tumechoka. Mwenye kinu hubisha: "Lakini mkubwa, hewa si inatoka?" Itatoka, ndiyo. Feni inayovuta hewa katikati na kuirusha pembeni hutoa hewa kupitia mdomo uleule hata ikizungushwa kinyume, ila ni kidogo mno, na unga hurudi ndani ya chumba. Mota ikishafungwa upya au nyaya zikishaguswa, linganisha mzunguko na mshale uliochorwa kwenye gamba la feni. Ukiwa kinyume, fundi umeme mwenye leseni abadilishane nyaya mbili kati ya zile tatu za fezi, zinazoleta umeme kwenye mota. Mwenye leseni, tunarudia.

Sasa puli, ambayo hubadilishwa ili feni ikimbie zaidi. Ukiongeza kasi ya feni kwa asilimia 10, hewa huongezeka kwa asilimia 10, lakini nguvu inayodaiwa mota hupanda kwa takriban asilimia 33. Ukiongeza asilimia 20, mota inadaiwa asilimia 73 zaidi. Ndiyo maana inaungua, halafu lawama zinaenda kwa umeme. Kuna pia wanaofungua kilango cha hewa chote ili "kuipumzisha" mota. Kwa feni za mapanga yaliyonyooka, ambazo ndizo nyingi kwenye vinu, hewa nyingi ndiyo mzigo wenyewe. Kifunge kidogo huku ukipima ampea, yaani umeme unaovutwa na mota, uone.

Kabla ya kufungua chochote, zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa anayeingiza mkono. Subiri rota, sehemu inayozunguka, isimame yenyewe. Mikanda na puli zifunikwe kila wakati mashine inapofanya kazi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mahali pa kazi pasajiliwe, na ukaguzi wa usalama ufanywe angalau mara moja kila miezi 12 na mshauri aliyeidhinishwa. Kanuni za kelele za mwaka 2005 hazimruhusu mfanyakazi kukaa kwenye wastani unaozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika saa 24. Kelele inayomkera jirani hushughulikiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, au kaunti. Jukumu letu ni masikio ya aliye ndani. Afisa akiona hatari anaweza kutoa ilani ya kurekebisha, au ya kusimamisha mashine. Kosa lisilotajiwa adhabu yake mahususi linaweza kugharimu faini isiyozidi shilingi 300,000, kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili.

Ajali ikiua mtu, afisa wa eneo aarifiwe ndani ya saa 24, kisha taarifa ya maandishi ifuate ndani ya siku saba. Kuelewana na familia hakuondoi wajibu huo. Na mashine isisafishwe wala kusogezwa kabla afisa hajafika, isipokuwa kwa kumwokoa aliyenaswa.