Mwenye bima ni nani kwenye bima ya kundi?

Jirani yangu wa Isevya, hapa Tabora, alifiwa na mume aliyekuwa mtunza ghala la tumbaku. Kwenye begi la marehemu alikuta hati za mshahara, kila moja na mstari wa makato: "bima kundi". Akazifunga kwenye pindo la khanga, akaenda ofisi ya bima. Kijana wa mapokezi akamwambia, "Pole sana mama, ila mwenye bima ni mwajiri. Anzia kwake." Akarudi nyumbani akiamini kafukuzwa.

Hakufukuzwa. Bima ya kundi ina mkataba mmoja tu, kati ya mwajiri na kampuni ya bima. Mwajiri ndiye anayeusaini, anayelipa ada na kupeleka orodha ya majina, kwa hiyo ndiye "mwenye bima", hata kama sehemu ya ada inatoka kwenye mshahara wako. Wewe ni mkatiwa bima: maisha yako ndiyo yenye kinga, lakini mkataba umo kwenye kabati la ofisi. Uliyemwandika kwenye fomu alipwe ukifa, huyo ni mnufaika.

Ndiyo maana taarifa huanzia kwa afisa utumishi. Peleka barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Omba jina la kampuni, namba ya mkataba, kiasi cha fidia na muda wa kutoa taarifa ya msiba, maana mikataba mingi huweka kikomo. Kubwa zaidi, omba uione fomu ya wanufaika. Wengi huijaza siku ya kuajiriwa, hawajaoa, wakaandika jina la mama mzazi. Watoto watatu baadaye, jina ni lilelile. Tafadhali, kaiangalie yako wiki hii.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ni kitu kingine. Ule ni wa ajali, maradhi na vifo vitokanavyo na kazi, na mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake. Haukatwi kwenye mshahara.

Mwajiri akikaa kimya, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kupata taarifa zako anazozishikilia. Kampuni ikigoma kulipa, lalamika kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Jirani yangu alirudi kwa mwajiri na barua. Faili likafunguliwa mbele yake. Jina lake lilikuwemo, kwa wino wa bluu, mwandiko wa mumewe.