Mtoto mbele ya dereva wa pikipiki

Wazazi wengi wa Goma huamini kwamba mtoto akikaa juu ya tangi, mbele ya dereva wa pikipiki, analindwa na mikono miwili ya mtu mzima. Imani hiyo inaeleweka, kwani hapo anaonekana; lakini mikono hiyo imeshika usukani, haimshiki mtoto. Gurudumu likigonga jiwe la volkano na dereva akifunga breki ghafla, mtoto hurushwa kwenye usukani huku mwili wa dereva ukimsukuma kutoka nyuma, nazo kilomita 36 kwa saa, mwendo ambao wengi huuona wa polepole, ni mita 10 kila sekunde.

Kama mtoto ametosha kukaa nyuma ya dereva, unaweza kujionea mwenyewe pikipiki ikiwa imesimama: mkalishe hapo nyuma, utazame kama nyayo zake zinafika kwenye vikanyagio vya abiria. Zisipofika, bado ni mdogo mno. Kofia ngumu nayo, ile tuiitayo kaske, haipaswi kuzunguka anapotikisa kichwa, mkanda ukiwa umefungwa.