Eti hakuna harufu, basi ingia tu

Kuna hii imani ya miaka mingi kwa mabaharia na makuli wa bandarini, kwamba ukifungua tangi au ngama (chumba cha mizigo chini melini) ukanusa na husikii harufu basi hewa iko poa. Jamani, oksijeni haina harufu, ikipungua pua haikwambii kitu. Hewa ya kawaida ina oksijeni kama asilimia 21, sasa kwenye tangi lililofungwa muda mrefu kutu inaila kimyakimya, vyuma chakavu na makaa ya mawe vilevile, mtu anashuka ngazi miguu inalegea, mwenzake anamkimbilia naye anadondoka hapohapo. Barakoa ya vumbi (wengi wanaiamini sana hii) haiongezi oksijeni. Ndo maana tangu 2015 SOLAS (mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli) inataka mazoezi ya kuingia na kuokoa mtu kwenye sehemu kama hizo kila miezi miwili, na tangu Julai 2016 meli iwe na kipimo cha gesi, chenye bomba la mpira linaloshushwa kupima juu, kati na chini kabla mtu hajaingia.