Kanuni ya Tano na Vidonge vya Daktari: Maswali na Majibu kwa Wabudha Wanaotibiwa Magonjwa ya Akili

Kanuni ya tano ya Wabudha inakataza nini hasa?

Mbudha wa kawaida hushika kanuni tano, na ya tano ndiyo inayohusu ulevi. Kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Wabudha, inataja neno sura, yaani kileo cha nafaka. Inataja pia meraya, kileo kinachotokana na vitu kama matunda na maua. Halafu inataja sababu ya katazo lenyewe, pamada, yaani kughafilika. Anayeitamka hatii amri ya mtu mwingine, bali anajitwika zoezi la kujiepusha na vileo vinavyomfanya aghafilike.

Chanzo cha katazo hili kwa watawa kimehifadhiwa katika vitabu vya nidhamu yao. Mtawa Sagata alikuwa amesifika kwa kumshinda joka, na wenyeji wa mji wa Kosambi, kwa kutaka kumtukuza, wakamwekea kileo katika kila nyumba. Akanywa nyumba hadi nyumba, na alipokuwa akitoka mjini akaanguka langoni. Wenzake walimbeba wakamlaza kichwa kikimwelekea Buddha, lakini akageuka usingizini hata nyayo zikamwelekea mwalimu wake. Buddha akawauliza waliokuwapo: Sagata huyu, aliyekuwa akimheshimu mwalimu wake hapo awali, anamheshimu sasa? Na je, kwa hali hii angemweza hata nyoka wa majini? Aliyeanguka pale alikuwa mtu mwenye uwezo mkubwa, na kilichomponyoka ni ule uangalifu uliomfanya awe Sagata.

Je, dawa za sonona, baipola au skizofrenia ni vileo?

La. Fluoksetini, dawa ya sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, haimleweshi mtu, na kwa kawaida huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana. Hakuna anayeimeza jioni ili ajisahaulishe shida zake. Lithiamu hupunguza mawimbi ya baipola, yaani kupanda na kushuka kukali kwa hisia, nazo dawa kama haloperidoli hutuliza sauti na hofu ambazo mgonjwa wa skizofrenia huzisikia na kuziona kuwa kweli. Ni kweli kwamba baadhi yake huleta usingizi au uzito wa mwili, na jambo hilo lafaa kuelezwa kwa daktari ili abadilishe kipimo au saa ya kumeza. Hata hivyo, kusinzia kwa sababu ya tiba si ulevi. Mtu ambaye kwa miezi mitatu hakuweza kukaa na mawazo yake mwenyewe, kisha dawa ikamrudishia utulivu wa kusikiliza na kuamua, ameongezewa kile ambacho kanuni ya tano inakilinda.

Vipi kuhusu dawa zinazoweza kulevya, kama dayazepamu?

Hapa pana haja ya uangalifu wa kweli. Dayazepamu hutuliza hofu kali na degedege, na hutumika hospitalini kumvusha salama mtu anayeacha pombe. Lakini ikitumiwa kwa muda mrefu huleta uraibu, na ikichanganywa na pombe inaweza kuzuia pumzi. Vitabu vya watawa vina mfano unaofaa sana. Mtawa mmoja alipougua, Buddha aliruhusu mafuta ya dawa yachemshwe pamoja na kileo. Baadaye watawa wengine wakazidisha kileo, wakalewa, ndipo ikawekwa sharti kwamba mafuta hayo yanyweke tu ikiwa rangi, harufu na ladha ya kileo havitambuliki. Kwa maoni yangu mfano huu unatosha kuongoza: dawa iwe kwa ugonjwa uliopo na kwa kipimo kilichoandikwa, bila kidonge cha ziada cha kutafuta raha.

Katika siku za Poya, yaani za mwezi mpevu, sili baada ya saa sita mchana. Nifanyeje na dawa ya usiku?

Nchini Sri Lanka, siku ya mwezi mpevu, waumini wengi huvaa nguo nyeupe na kushika kanuni nane, mojawapo ikiwa kutokula baada ya adhuhuri. Nidhamu ya watawa hutenganisha chakula na dawa, na dawa zisizo chakula huruhusiwa saa yoyote kukiwa na ugonjwa. Meza kidonge chako. Anayetumia lithiamu anywe maji ya kutosha, kwa kuwa mwili ukikauka dawa hiyo huzidi katika damu na kuwa sumu. Ikiwa dawa yako lazima iambatane na chakula, mweleze daktari mapema kuhusu mfungo wako.

Mwalimu wangu anasema tafakuri inatosha, niache vidonge. Nimtii?

Tafadhali usiache. Tafakuri huwasaidia wengi, tena inaweza kwenda sambamba na dawa, lakini siku kumi za ukimya na usingizi mchache zimewahi kuwarudisha wagonjwa wa baipola na wa skizofrenia katika hali mbaya sana. Kukatiza dawa ghafla ni hatari yenyewe: sonona hurudi, kichaa huibuka upya, na anayekatiza dayazepamu baada ya matumizi marefu anaweza kupata degedege. Dawa hupunguzwa polepole chini ya macho ya daktari. Anayewaza kujiua apelekwe hospitali siku hiyohiyo, wala asiachwe peke yake.

Je, mgonjwa wa akili ana hatia kwa alichokitenda akiwa mgonjwa?

Vitabu vya nidhamu husema waziwazi, kanuni baada ya kanuni, kwamba aliyerukwa na akili hana kosa. Palikuwa na mtawa aitwaye Gagga, ambaye mara alikumbuka siku ya mkutano wa watawa, mara akasahau. Buddha hakuagiza afukuzwe. Alielekeza jumuiya itamke rasmi kwamba Gagga ni mgonjwa, na kwamba, akikumbuka au asipokumbuka, akija au asipokuja, mkutano wao utakuwa halali.