Aliyepandia Makambako

Kazi yangu ni ushauri nasaha kwa waliofiwa. Mara nyingi mtu anapokaa mbele yangu siku ya kwanza, kumbe yaliyo moyoni ameshamsimulia mtu mwingine: dereva wa bodaboda, mgonjwa wa kitanda cha jirani wodini, abiria mwenzake kwenye basi la Mwanza. Ndugu zake hawajui lolote. Wapo wanaoliona hilo kuwa aibu, eti ukoo umeshindwa kazi yake. Mimi sioni hivyo.

Misiba yetu ina shughuli nyingi. Mtu akishakata roho, unatafutwa kibali cha mazishi, jeneza, gari la kusafirishia mwili, turubai, viti na wapishi. Linafunguliwa daftari la rambirambi, na siku hizi kundi la WhatsApp lenye mweka hazina wake. Mzaliwa wa kwanza ndiye hubebeshwa yote. Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa Uholanzi, walieleza mwaka 1999 kwamba aliyefiwa huenda na kurudi kati ya mambo mawili: kuukabili uchungu wenyewe, na kushughulikia maisha yanayoendelea. Anavihitaji vyote viwili. Mzaliwa wa kwanza hupewa hicho cha pili tu. Atalia saa ngapi, na jikoni wanasema mchele umepungua?

Kisha, matangani kila mtu anamjua marehemu, au anaamini anamjua. Wasifu unaosomwa kaburini hauna doa, na atakayeuongezea neno atatazamwa. Mwanasosholojia wa Ujerumani Georg Simmel aliandika mwaka 1908 kwamba mgeni huweza kuambiwa siri ambazo watu wa karibu wanafichwa. Naelewa kwa nini. Mgeni hamjui mjomba wako, hana upande katika ugomvi wa shamba, na kesho hayupo.

Baba yangu tulimzika nyumbani, Mbeya. Baada ya kuanua matanga nilirudi Dar es Salaam kwa treni ya TAZARA. Ujanani alikuwa kibarua kwenye reli hiyo, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Baadhi ya Wachina waliofia kazini wamezikwa pembezoni mwa Dar es Salaam. Baba hakupenda kuwazungumzia; akiulizwa alisema tu kwamba mama zao hawakuona kaburi.

Chumba cha daraja la pili kina vitanda sita, wanawake peke yao. Makambako akapanda mama mtu mzima na viroba vyake vya viazi. Nikamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Wewe umetoka msibani.”

Hakuuliza, alinitazama tu akajua. Akaanza na yake. Mumewe alifariki wakiwa hawasemezani, sababu ni ng'ombe aliyeuzwa. Siku ya mazishi hakutoa chozi. Alikuja kulia mwaka uliofuata, sokoni, akimpimia mteja viazi, mteja akakimbia akidhani ameibiwa. Tukacheka mpaka wa kitanda cha juu akaguna. Ndipo akaniuliza, “Na baba yako alikuwa mtu wa namna gani?”

Katika siku zote za matanga hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikamwambia baba alikuwa mkali, alimsusa kaka yangu kwa sababu ya ndoa, na kwamba nilipopigiwa simu ya kifo, kabla ya uchungu nilihisi ahueni. Treni ilikuwa ikishuka kuelekea Mlimba, mahandaki na madaraja yakifuatana, simu hazina mtandao. Hakunikemea wala hakunisomea aya. Akasema, “Eeh, wazee wa hivyo wanachosha kuwapenda,” akaniuliza kama nimekula. Akashukia Ifakara. Jina lake silijui.

Aliyoyafanya yana utafiti wake. Mwaka 1975 mwanasaikolojia wa Marekani Zick Rubin alichapisha majaribio aliyofanya kwa abiria wanaosubiri ndege Boston: mtafiti akianza kueleza jambo lake la ndani, abiria naye huelekea kufunguka zaidi. Akizidisha, hata hivyo, mtu hujifunga. Yule mama alijua pa kuishia.

Ila mgeni hushuka. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022, ICD-11, unatambua huzuni ya msiba inayopita miezi sita, kupita kawaida ya jamii ya mtu huyo, na kuvuruga maisha yake. Abiria wa Ifakara hawezi kuona kwamba mwezi wa saba bado huli. Ataona shangazi yako, yuleyule anayekukera.

Kwa hiyo siku ya kwanza huwa nauliza maswali mawili: nani umemwambia ukweli kuhusu marehemu, na nani atakuja kukuangalia watu wakishatawanyika? Wengi wana jibu la moja tu, na tunaanzia kwenye lile lililokosa jibu.